Nitie sahihi karatasi ya meneja, au niseme niliyoyaona?

Salaam aleikum, mshauri wetu.

Mimi ni muuguzi katika hospitali moja ya binafsi hapa Malindi. Jina langu naomba libaki kwangu, na la hospitali pia, maana mji huu watu wanajuana kwa mama na kwa baba.

Julai 2021, baada ya Idd ya Mfungo Tatu, wakati korona ya Delta imepamba moto, tulipokea mgonjwa siku ya Alhamisi akiwa na homa na pumzi za shida. Alilala wadi ya kawaida pamoja na wengine hadi asubuhi, ndipo akahamishiwa chumba cha pembeni akatiwa oksijeni. Majibu ya kipimo yalipotoka, alikuwa nayo. Wiki ile maski za N95, zile nzito zinazochuja hewa, zilikuwa zimekwisha. Nalijua hilo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiandika daftari la kukabidhiana zamu, na niliandika si mara moja: "N95 hakuna." Sisi wauguzi tulivaa zile barakoa za bluu, mbili mbili. Mama wa usafi alipewa moja na aproni ya plastiki, akawa anaingia chumba kile asubuhi na jioni kupiga deki, kutoa taka na kubadilisha mashuka.

Huyu mama si mfanyakazi wa hospitali kwa karatasi. Aliletwa na kampuni ya usafi. Wahudumu wa afya walipoanza kuchanjwa mwezi Machi, sisi tulidungwa sindano, yeye akaambiwa jina lake halimo kwenye orodha, asubiri. Jumanne baada ya mgonjwa yule kupokewa, mama akaanza kuumwa kichwa na mwili mzima. Alikuja kazini siku mbili zaidi akimeza panadol, kwa kuwa siku asiyokuja hailipwi. Katikati ya Agosti akafariki. Inna lillahi.

Wenzetu wanne waliugua siku hizo hizo: wauguzi wawili, kijana wa maabara na bawabu wa usiku. Wamepona, alhamdulillah. Mimi nilipimwa, sikuwa nayo.

Sasa sikiliza linaloninyima usingizi. Jumamosi ya wiki ile kulikuwa na harusi ya jamaa zetu huko Shella. Marehemu alikuwako, na mimi nilikuwako. Tulikaa na wanawake wenzetu ukumbini, hatukuvaa barakoa, tukatoka mbiombio kabla ya kafyu.

Familia ya marehemu ilipoanza kuulizauliza, meneja alituita mmoja mmoja ofisini. Alisema, "Korona iko kila mahali, hakuna anayejua alikoitoa." Akatoa karatasi. Imeandikwa kwamba tulipewa vifaa vya kujikinga vya kutosha muda wote, na kwamba wafanyakazi waliougua waliambukizwa nje ya hospitali. Anataka sahihi yangu kabla ya mwisho wa mwezi huu. Baadhi wameshatia.

Binti wa marehemu ni jirani yangu hapa Maweni. Ana wadogo wawili shuleni ambao mamake ndiye aliyekuwa akiwalipia. Huja baada ya magharibi, hukaa barazani, hasemi mengi. Amesikia kuna fidia kwa anayekufa kwa sababu ya kazi. Juzi aliniambia, "Dada, wewe ulikuwako. Sema tu uliyoyaona."

Mume wangu alikuwa mpishi wa hoteli. Tangu Waitaliano waache kuja mwaka 2020 hana kazi ya kudumu. Mshahara wangu unalisha watu saba. Yeye anasema nitie sahihi, aliyekufa harudi. Mamangu anasema haki ya maiti ni deni.

Nikitia sahihi nimemsingizia maiti. Nisipotia nitafukuzwa. Nikienda kutoa ushahidi wataniuliza habari za harusi, na nikisema alikuwako nitakuwa nimemharibia binti kesi yake. Nikiificha, nimeapa uongo. Nifanyeje?

Muuguzi wa zamu, Malindi

*

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu. Pole kwa msiba.

Nakupa pole wewe kwanza kwa sababu barua yako imemtaja meneja, mume, mama na binti, na mwenyewe ukajipita. Ulikuwa ukifanya kazi chumba kimoja na mtu, akaugua, ukabaki. Oktoba hii ya 2021 Shirika la Afya Duniani limetoa makadirio kwamba kati ya wahudumu wa afya 80,000 na 180,000 huenda walikufa kwa korona duniani tangu Januari 2020 hadi Mei 2021. Hesabu za namna hiyo huanzia kwa nani ameandikwa kuwa mhudumu wa afya. Mama huyu, kwa maneno yako, hata orodha ya chanjo hakuwamo.

Nikikuelewa vyema, mambo matatu yamekufunga fundo moja: karatasi ya meneja, ombi la binti, na harusi. Umeyasokota pamoja hadi ukigusa moja unaona yote yanakuangukia. Naomba tuyafungue, tulitazame kila moja peke yake, kwa kuwa hayana muda mmoja wala hatari moja.

Karatasi ndiyo yenye haraka. Isome tena polepole. Ina maneno mawili ndani yake. La kwanza ni la vifaa, na hilo unalijua kwa macho yako. La pili ni kwamba waliougua waliambukizwa nje. Lakini wewe hukuugua! Unatakiwa uthibitishe habari za miili ya watu wengine, mmoja wao marehemu. Na meneja mwenyewe alikwambia hakuna anayejua alikoitoa, kisha akakupa karatasi inayojua. Sisemi haya ili ukagombane naye. Nasema kwa sababu umeniandikia kana kwamba mbele yako kuna njia mbili tu, kutia na kutotia.

Wako wanaoomba nakala waende nayo nyumbani wakaisome. Wako wanaomwandikia mkubwa wao kwa adabu kwamba sentensi fulani hawawezi kuithibitisha, ikiondolewa watatia. Wako wanaotia huku wakiandika chini kwa mkono wao wasichokikubali. Kila njia ina bei yake. Kuomba nakala peke yake kunaweza kumfanya meneja akutilie shaka, na wewe ndiye unayemjua tabia. Ila hatari ya kutia sahihi hujaipima, umeihesabu kuwa ndiyo njia salama. Daftari la zamu lina mwandiko wako unaosema N95 hakuna. Karatasi itakuwa na sahihi yako inayosema vifaa vilitosha. Siku mkaguzi akiviweka viwili hivyo mezani, atakayeulizwa ni nani? Meneja huenda siku hiyo ameshahamia kwingine. Leseni ya uuguzi ni yako, si yake.

Tuje kwenye harusi, maana naona ndiyo iliyokukaa kooni.

Unaamini kwamba harusi ile ni siri iliyo mikononi mwako. Hebu fikiri. Ukumbi mzima wa wanawake wa Shella ulimwona. Binti yake anajua mamake alikuwa wapi Jumamosi ile, pengine ndiye aliyemfunga buibui wakatoka pamoja. Na upande wa pili ukitaka kujua hautahitaji siku mbili katika mji huu. Kwa hiyo swali la kama utaifichua huenda halipo kabisa. Lililopo ni kama binti ameshaifikiria, na hilo huwezi kulijua mpaka mzungumze.

Halafu unaamini kwamba harusi ikitajwa kesi imekufa. Wewe ni muuguzi, tuzungumze kiuuguzi. Tangu virusi viingie hadi dalili zitoke hupita siku mbili hadi 14, na wengi huanza kuugua karibu na siku ya nne au ya tano. Mgonjwa aliingia Alhamisi, harusi ilikuwa Jumamosi, kichwa kikaanza kuuma Jumanne. Kote kuwili kunawezekana. Lakini umenitajia wanne wengine waliougua, kisha ukapita haraka. Bawabu wa usiku alikuwa harusini, ukumbi wa wanawake? Kijana wa maabara je? Na kati ya waliokaa ukumbini, nani mwingine aliugua wiki ile? Hukuniambia. Huenda wako, huenda hakuna. Wewe mwenyewe ulikaa kote, wadini na harusini, na kipimo chako kikawa safi, ingawa ulikuwa umechanjwa na yeye la.

Hata ukiyajibu hayo yote hutapata uhakika. Mgonjwa alilala usiku kucha wadi ya kawaida, na pale hewa ilikuwa ya wote. Hospitali nyingi zimegundua kwamba wafanyakazi waliambukizana wao kwa wao katika chumba cha chai, barakoa zikiwa zimeshushwa kidevuni, zaidi ya walivyodhani. Huenda yeyote kati ya wale wanne alitangulia kuwa nayo bila dalili. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, pale Kilifi wamesoma vinasaba vya virusi vingi vya pwani yetu tangu mwaka 2020, na hata kipimo cha namna hiyo hukwambia virusi hivi ni ndugu wa vile, hakikwambii nani alimpa nani saa ngapi. Kwa hiyo mzigo wa kujua alikoitoa usijitwike. Shahidi haulizwi hilo. Huulizwa aliona nini: alimwona mama akiingia chumba gani, mara ngapi, amevaa nini. Na akiulizwa kama walikwenda harusini, anasema walikwenda.

Kuhusu fidia nitakueleza kwa kiasi cha kukutoa gizani, mengine ni ya mwanasheria. Sheria ya Mafao ya Ajali Kazini ya mwaka 2007 haimtaki mlalamishi athibitishe kwamba mwajiri alikosea. Swali lake kubwa ni kama ugonjwa ulitokana na kazi. Maana yake, kukosekana kwa N95 si nguzo pekee ya madai ya binti kama mnavyodhani. Kilicho karibu zaidi na swali hilo ni kwamba mama alitumwa kusafisha chumba cha mgonjwa wa korona siku baada ya siku. Dai hupelekwa kwanza kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Mahakama ya Juu ilithibitisha utaratibu huo Desemba 2019, na palipo na kifo muda ni miezi 12 tangu siku ya kifo. Basi binti ana hadi Agosti 2022. Mwisho wa mwezi huu ni wa meneja, sheria haiujui.

Vifaa vina sheria yake nyingine, ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007. Hiyo humtaka mwenye mahali pa kazi alinde kila anayefanya kazi hapo, aliyeajiriwa naye na aliyeletwa na mwingine, na vifaa vya kujikinga vitolewe bure. Kwa hivyo pana pande mbili: kampuni ya usafi iliyokuwa ikimlipa mama, na hospitali alimokuwa akifanyia kazi. Nani atabeba nini, hapo ndipo mwanasheria anapohitajika. Nimelitaja ili ujue kwamba huenda madai ya fidia yataelekezwa kwa kampuni, na meneja wako akawa anapigania jambo tofauti na analolidai binti.

Sasa kazi yako. Sheria ya Ajira inasema kumlalamikia mwajiri si sababu halali ya kufukuzwa, isipokuwa malalamiko yawe hayana msingi. Naijua, na sitakudanganya nayo. Mtu hufukuzwa leo kwa sababu nyingine iliyopakwa rangi, kesi ikachukua miaka, na watoto hula kila siku. Mume wako usimwone mwoga. Ameshaona mlango wa kazi ukifungwa mbele yake, anajua nyumba inavyokuwa. Mama yako naye anasema kweli. Tatizo ni kwamba kila mmoja amekupa msemo, na hakuna aliyekaa nawe kuhesabu: mkikosa mshahara mtakwenda miezi mingapi? Ndugu yupi atashika ada? Hospitali na zahanati nyingine, Malindi au Watamu au Kilifi, zinatafuta wauguzi? Mazungumzo hayo na mumeo yafanyike kabla hujafanya lolote, hata kama mwishowe utaamua kutia sahihi. Anayejua ana miezi mitatu ya kujikimu huamua tofauti na anayedhani hana hata wiki.

Jingine ni wenzako. Desemba 2020 daktari kijana wa miaka 28, Stephen Mogusu, alipokufa kwa korona, madaktari nchini waligoma wakidai vifaa na bima. Walikuwa na chama nyuma yao. Wewe umeniandikia kama mtu aliye peke yake, ilhali wanne waliugua na wengine wameitwa ofisini kama wewe. Wangapi hawajatia sahihi? Maneno ya watu watatu kwa pamoja, kwamba sentensi ya pili haithibitiki, humfikia meneja tofauti na maneno ya mmoja. Lakini nakutahadharisha: katika watatu mmoja anaweza kuwa ndiye anayepeleka habari. Anza na yule ambaye ungemwachia mtoto wako.

Usilipige picha daftari la zamu ukaanza kuzituma. Najua wazo limekupitia. Lina majina na maradhi ya wagonjwa, na kuyatoa nje ni kosa kwa maadili yenu na kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Utakuwa umewapa sababu halali ya kukufukuza. Kama daftari litahitajika, mkaguzi ana mamlaka ya kuliitisha. Unachoweza kufanya usiku wa leo nyumbani ni kuandika kwa mkono wako kile unachokikumbuka wewe, siku na zamu, pasi na jina la mgonjwa, pamoja na harusi, ukaweka tarehe uliyoandika. Kumbukumbu hubadilika kila unapoisimulia, na wewe umekwisha kuisimulia kwa mume, kwa mama na kwangu.

Binti nimemwacha mwisho kwa kuwa sina hakika tumemsikia. Wewe umesikia "toa ushahidi." Yeye, kwa jinsi ulivyoandika, alisema sema uliyoyaona. Anaweza kuwa anataka fidia, na ana haki ya kuitaka, wadogo wake wanasoma. Anaweza pia kuwa anataka kujua mamake alikuwaje siku zile mbili za mwisho kazini, alikaa wapi, alikula nini, nani alimwambia aende nyumbani. Hayo unaweza kumpa bila kiapo, iwapo utaamua. Jihadhari tu, maneno ya barazani huvuka ukuta, na utakalomwambia kwa huruma unaweza kulikuta ofisini kwa meneja limeongezwa chumvi. Muulize kwanza anataka nini. Na kama hujaamua kuhusu ushahidi, mwambie hivyo hivyo, usimwahidi wala usimkatalie. Atakasirika, huenda asije kwa siku kadhaa. Ukimpa ahadi kisha ukairudisha itamuumiza zaidi.

Kabla ya mwisho wa mwezi tafuta siku yako ya mapumziko uende Mombasa. Kituo cha Sheria wana ofisi huko na husaidia wasiojiweza bila malipo. Chukua mkataba wako wa kazi, hati za mshahara, na nakala ya karatasi ukifanikiwa kuipata. Ukiikosa, iandike maneno yake kama ulivyoyasoma. Waulize mambo yako wewe: hatari ya kutia, hatari ya kutotia, na ukiitwa na mkaguzi unalindwa vipi. Mambo ya binti ayaulize mwenyewe kwa siku yake. Mkienda pamoja nauli itakuwa nafuu na safari fupi, lakini mkishuka matatu moja jioni hapo stendi, kesho asubuhi kila mtu hospitalini atakuwa ameshaamua kwa niaba yako uko upande gani.